Wakili wa Mbeya aliyetusomea kesi ya Houston: nyota nne

Nianze na bei, maana najua wengi mnaishia hapo. Kusomewa nyaraka na kuelezwa ana kwa ana ni laki moja na nusu. Tulibembeleza tukaachiwa kwa laki na ishirini, na karatasi za kuchapa tukalipia pembeni. Kwa hela hiyo hupati wakili wa kwenda kukusimamia mahakamani Marekani. Mwenyewe atakuambia hivyo hata hujakaa vizuri kwenye kiti, kwamba leseni yake ni ya Tanzania Bara na Houston yeye ni raia wa kawaida kama mimi. Unachopata ni mtu wa kukaa na karatasi zako, akuambie ni serikali ipi inayomshitaki ndugu yako, kwenye mahakama ipi, na kwa hiyo uongee na nani na nani usimtumie hata senti. Mimi nasema inalipa.

Jina la ofisi siliweki. Kanuni za uwakili hapa nchini zinabana mambo ya kujitangaza, na yeye mwenyewe aliniomba nisimtangaze mtandaoni. Iko Mbeya mjini, upande wa Uhindini, ghorofani, ngazi zake nyembamba na zenye giza. Mtasema tathmini gani haina jina. Basi someni ili mjue cha kudai kwa wakili yeyote mtakayemwendea na jambo la namna hii, awe Mbeya, Iringa au Njombe.

Mimi nauza mchele Mwanjelwa, wa Kyela na wa Usangu. Mtoto wa marehemu kaka yangu yuko Texas, alikwenda kusoma. Akakamatwa kwa mambo ya kadi za benki za watu: namba za kadi, vitu vilivyonunuliwa mtandaoni, vikapelekwa kwenye nyumba aliyopanga na wenzake. Kama amefanya au hajafanya siandiki hapa, kesi bado iko mezani. Habari ilitufikia kwa WhatsApp, picha za karatasi za aina mbili, Kiingereza kizito. Nyuma yake ikaja simu ya mtu aliyejitambulisha kuwa wakili wa huko, anaongea Kiswahili safi kabisa, anataka dola 4,000 za dhamana “kwa kesi zote mbili” ili kijana atoke kabla ya wikiendi. Kwenye kundi la ukoo michango ikaanza. Kaka yangu mkubwa wa Tukuyu akataja kuuza kipande cha shamba la parachichi. Hapo ndipo nikasema jamani, kwanza tusomewe.

Tulishapita kwa mshauri mmoja wa mambo ya visa, ana meza ndani ya duka la steshenari. Huyo alituambia kwa elfu themanini ataandika barua kesi ihamishiwe Tanzania. Nikamwambia wifi yangu, mama wa kijana, tuondoke. Wakili alipoisikia hiyo alicheka mpaka akavua miwani: mahakama ya Tanzania haina mamlaka ya kuchomoa kesi Houston kwa barua ya mtu.

Sasa kazi yenyewe. Alizitandaza karatasi mezani, aina moja kulia, nyingine kushoto. Akachukua faili jekundu akazifunika zote, akaacha mistari ya juu tu. Akamwambia kaka, “Mzee wangu, nisomee hapa juu, huyu kijana anagombana na nani?” Kaka ni mwalimu mstaafu, Kiingereza anakijua. Akasoma ya kulia: Jimbo la Texas dhidi ya fulani. Akasoma ya kushoto: Marekani dhidi ya fulani. “Basi mzee,” wakili akasema, “kijana wako ana washitaki wawili. Tusichanganye karatasi zao.”

Akatuonyesha na namba za kesi. Ile ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, namba yake ilianza na 4, ukafuata mwaka kwa tarakimu mbili, ikafuata herufi “cr”, kisha namba yenyewe. Hiyo 4 ni alama ya kituo cha Houston ndani ya Wilaya ya Kusini ya Texas, na “cr” ni jinai. Ingekuwa madai ungeona “cv”. Nchi nzima ina wilaya 94 za mahakama za shirikisho za ngazi ya kwanza, na Texas peke yake inazo nne: Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Ile ya jimbo ilikuwa na jina la kaunti, Harris, na mpangilio mwingine kabisa wa namba. Tangu siku hiyo kwenye kundi la ukoo hatusemi “kesi ya mtoto”. Tunasema ya kaunti na ya shirikisho.

Kaka akauliza swali ambalo nadhani Mtanzania yeyote angeuliza: “Kwa hiyo ni kama sisi na Zanzibar?”

Hapa ndipo nilipoanza kuiona thamani ya hela yangu, kwa sababu hakumjibu kwa mkato. Alisema mzee umegusa mlemle, ila si sawasawa. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mkurugenzi wa Mashtaka wake, sisi Bara tuna wetu, na rufaa kwa sehemu kubwa zinakuja kukutana kwenye Mahakama ya Rufani. Lakini sisi tumegawana ardhi. Kosa la Unguja linashitakiwa Unguja, la Mbeya linashitakiwa huku. Na ndani ya Bara, uibe Mbalizi au uibe Bukoba, ni Kanuni ya Adhabu ile ile na anayekushitaki ni Jamhuri. Kinachobadilika ni mahali lilipotendeka na uzito wa kosa, ndipo kesi inaangukia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Houston hawakugawana ardhi. Ukisimama barabarani pale umesimama Texas na umesimama Marekani kwa wakati mmoja. Kila serikali ina sheria zake za jinai, askari wake, waendesha mashtaka wake, majaji wake na magereza yake, na tendo moja linaweza kuvunja sheria za wote wawili.

Mimi nilielewa kibiashara. Gunia langu la mchele likishuka sokoni, halmashauri wananidai ushuru na TRA wananidai kodi. Kumlipa huyu hakunifutii deni la yule, na nikimwonyesha afisa wa TRA stakabadhi ya ushuru ananiambia, mama, hiyo ni ya wenzetu. Nikamwambia wakili hivyo. Akasema ndiyo hivyo hivyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani imeshasema karibu maneno hayo.

Akatupa mfano. Mwaka 2015 mtu mmoja anaitwa Gamble alisimamishwa na polisi Mobile, Alabama, kwa sababu ya taa mbovu ya gari. Ndani wakakuta bastola, na yeye kwa kosa la nyuma hakuruhusiwa kuwa na silaha. Jimbo la Alabama likamshitaki, akakiri. Serikali kuu nayo ikamshitaki kwa bastola ile ile, usiku ule ule. Akalia kwamba Katiba inakataza mtu kushitakiwa mara mbili kwa kosa moja. Kesi ikapanda mpaka juu, na 2019 majaji 7 dhidi ya 2 wakamkatalia: serikali mbili, sheria mbili, kwa hiyo ni makosa mawili. Wifi akaguna. Mimi mwenyewe niliona ni uonevu na bado naona hivyo, lakini ndiyo sheria yao.

Mfano mwingine sote tuliuona kwenye simu. Derek Chauvin, yule askari wa Minneapolis aliyempigia goti George Floyd shingoni. Jimbo la Minnesota lilimtia hatiani kwa mauaji Aprili 2021, akapewa miaka 22 na nusu. Kisha akakiri kwenye mahakama ya shirikisho kwamba alivunja haki za kiraia za marehemu, na 2022 akapewa miaka 21. Adhabu zinakwenda pamoja, haziungwi moja nyuma ya nyingine, na anatumikia kwenye gereza la shirikisho. Mimi siku zote nilidhani ilikuwa kesi moja, magazeti ndiyo yanarudia habari.

Na wa tatu wa kwetu kabisa. Wote tunakumbuka tarehe 7 Agosti 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na lingine Nairobi asubuhi ile ile. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town 1999, akashitakiwa New York, na 2001 akafungwa maisha. Ahmed Khalfan Ghailani naye alihukumiwa maisha Januari 2011, New York hapo hapo. Mahakama zote zilizowahukumu zilikuwa za shirikisho. Jimbo la New York halikuhusika kabisa, ingawa kesi zilisikilizwa katikati ya jiji lake. Kilicholipuliwa ni ubalozi wa Marekani, si mali ya jimbo lolote. Mahakama inaweza kuwa ndani ya jimbo na isiwe ya jimbo. Kaka aliandika hiyo kwenye kidaftari chake.

Basi kijana wetu aliingiaje kwa shirikisho? Kesi nyingi za jinai kule zinaishia kwenye mahakama za majimbo: wizi wa kawaida, ugomvi, mauaji, ulevi barabarani. Serikali kuu inashika yale yaliyoandikwa kwenye sheria zake: noti bandia, kodi yake, uhamiaji, ofisi na ardhi yake, kuibia benki zenye bima yake, madawa, na uhalifu unaovuka mpaka wa jimbo au unaotumia posta na mitambo ya mawasiliano. Ukinunua kitu mtandaoni kwa kadi ya mtu, wewe uko Houston, kompyuta inayopokea malipo iko jimbo jingine. Ujumbe umevuka mpaka, umeipa serikali kuu mlango wa kuingia. Ndiyo maana wakili alisema zama hizi ulaghai wa mtandaoni ni mgumu kubaki wa jimbo peke yake.

Akatuonya pia tusiangalie nani alifunga pingu. Kijana alikamatwa na askari wa kaunti, na sisi tukahesabu ni kesi ya kaunti. Kumbe askari wa kaunti anaweza kukamata leo, kesho wapelelezi wa serikali kuu wakaja na hati yao. Kinachosema ni ya nani ni hati ya mashtaka.

Sehemu iliyomliza wifi ni adhabu. Kwa Texas, matumizi mabaya ya kadi ya mtu kwa kawaida ni kosa la siku 180 hadi miaka 2. Kwa shirikisho, ulaghai kwa njia ya mawasiliano unafika miaka 20, na kwenye hati yetu kulikuwa na shitaka la kutumia utambulisho wa mtu mwingine. Hilo lina miaka 2 inayoungwa juu ya adhabu nyingine, jaji apende asipende. Wakili alimwacha wifi alie kwanza, akamletea maji, ndipo akamweleza kwamba miaka 20 ni kilele cha sheria, na watu wengi hawafiki huko. Majaji wa shirikisho wana mwongozo wa kukokotoa adhabu, katika kesi kama hii unaangalia sana kiasi cha fedha kilichopotea na historia ya mtu. Tangu hukumu ya 2005 mwongozo huo ni wa kushauri, haumfungi jaji. Lakini hakumdanganya: kwa shirikisho hakuna tena msamaha wa kutoka mapema kwa bodi ya parole, ulifutwa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987. Kuna punguzo la tabia njema lisilozidi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Texas bado ina bodi yake ya parole. Nilimpenda kwa hilo. Wapo mawakili wanaokupa matumaini ili urudi tena na bahasha.

Tukaja kwenye dhamana, na hapa ndipo laki na ishirini ilipookoa dola 4,000.

Kule Texas kuna kampuni za dhamana. Mahakama ya jimbo ikitaja kiasi, kampuni inakuwekea, wewe unailipa sehemu yake, mara nyingi asilimia 10, na hiyo hairudi hata kesi ikifutwa. Hayo ni ya jimbo. Kwa shirikisho inatumika Sheria ya Dhamana ya 1984: jaji anaangalia kama mtu atatoroka au ni hatari kwa watu. Wengi wanaoachiwa wanaachiwa kwa masharti na saini, na sheria inamkataza jaji kuweka sharti la fedha ambalo kazi yake itakuwa kumfungia mtu ndani kwa sababu hana hela. Akiona hafai kuachiwa, anamzuia, na hapo hakuna bei. Kwa hiyo mtu anayekudai kiasi kimoja cha dhamana “kwa kesi zote mbili” ama hajui kazi, ama anajua sana kazi yake nyingine.

Halafu ukilipia ya kaunti huku shirikisho wameshatoa hati ya kumkamata, kijana hatoki nje. Anatoka mlango mmoja anaingia mwingine, na hela yako imekwenda. Na kwa mgeni kuna mlango wa tatu, idara ya uhamiaji. Wanaweza kuliomba gereza la kaunti limshikilie mtu hadi saa 48 zaidi ili wao waje kumchukua, na Texas ina sheria tangu 2017 inayozitaka jela zake zikubali. Mahakama ya uhamiaji si ya jinai, iko chini ya Wizara ya Sheria, na haiko chini ya jimbo wala majaji wale tuliokuwa tunawazungumzia. Ushauri wake ulikuwa mfupi: msilipe dhamana yoyote kabla ya kumuuliza wakili wa kijana kama kuna zuio la uhamiaji au hati ya shirikisho. Kwetu vyote viwili vilikuwepo.

Vipi kuhusu yule bwana wa simu mwenye Kiswahili safi? Wakili alituandikia maswali ya kumuuliza. Namba yako ya leseni ya Texas ni ipi? Umeandikishwa pia kufanya kazi kwenye mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kusini? Maana leseni ya jimbo pekee haitoshi, mahakama ya shirikisho ina daftari lake la mawakili. Orodha ya mawakili wa Texas iko wazi mtandaoni, jina linaangaliwa hapo hapo. Tulimpigia tukiwa bado ofisini, simu kwenye spika. Akasema anatuma namba. Hadi leo.

Tukaelezwa kwamba kijana asiye na uwezo ana haki ya wakili wa kulipwa na serikali. Kwa majimbo ni tangu hukumu ya 1963, shirikisho wana sheria yao ya 1964, na haki hiyo haiangalii uraia. Kumbe kwenye kesi ya shirikisho alikuwa ameshapewa, jina lilikuwa kwenye nyaraka, sisi hatukujua pa kuangalia. Jamani, mtu wa bure yupo na anajua faili, sisi tunatafuta wa kulipa. Na kwamba wakili wa jinai kule analazimika kumweleza mgeni kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. Hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu 2010. Kijana anaweza pia kuomba ubalozi wetu wa Washington ujulishwe, ni haki ya mkataba wa Vienna wa 1963. Ubalozi haumtoi jela, lakini unaweza kufuatilia anavyotendewa.

Shemeji mmoja, mtaalamu wa siasa za kijiweni, akauliza kama Rais wa Marekani anaweza kuombwa amsamehe. Anaweza kwa kosa la shirikisho tu. La jimbo linafuata utaratibu wa jimbo lenyewe. Trump alitiwa hatiani na jopo la raia New York Mei 2024, kwa sheria ya jimbo, na urais haumpi mamlaka ya kujisamehe hapo. Shemeji akaridhika, na sisi tukarudi kwenye mambo ya maana.

Kijana wa ofisini, anayejifunza kazi, anastahili sifa zake. Ndiye aliyetufungulia mtandao wa nyaraka wa mahakama za shirikisho. Mtu yeyote anajiandikisha, hata akiwa Mbeya. Ukurasa ni senti 10 za dola, waraka mmoja hauzidi dola 3, na ukitumia dola 30 au pungufu katika robo ya mwaka hudaiwi kitu. Alitupakulia hati nzima ya mashtaka na orodha ya kila kilichotokea kwenye kesi, tarehe kwa tarehe. Tukagundua picha za WhatsApp zilikosa kurasa kadhaa, na mojawapo ndiyo ilikuwa na shitaka la utambulisho. Za kaunti zina tovuti yake nyingine, mambo yake nayo ni mengine. Kila jimbo lina wake. Texas ndiyo usiseme, ina mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai na moja ya jinai. Rufaa ya jinai ya jimbo inaishia kwa hiyo ya jinai pale Austin. Ya shirikisho kutoka Houston inakwenda mahakama ya rufani ya New Orleans.

Katika maelezo ya wakili kulikuwa na jambo moja zuri. Wizara ya Sheria ya Marekani ina sera yake, ya miaka mingi, kwamba jimbo likishamaliza na mtu kwa tendo fulani, serikali kuu kwa kawaida haimrudii isipokuwa kuna sababu nzito. Ni sera tu, mshitakiwa hawezi kuidai mahakamani. Kwetu ilikwenda kinyume, shirikisho walichukua jambo, na kaunti wakaifuta yao baadaye. Wakili alikuwa ametuambia hilo linaweza kutokea, ila akakataa kuahidi. Akasema pia siku za mahabusu hazihesabiwi mara mbili: zilizohesabiwa kwenye adhabu moja haziendi kwenye nyingine, kwa hiyo kijana aulizie mapema ni serikali ipi inayomshikilia kwa sasa.

Sasa nyota niliyoizuia.

Mapokezi ni mabaya. Dada wa pale mlangoni hakutuamkia wala kuinua macho kwenye simu, na kaka yangu ni mtu mzima mwenye mvi. Huku kwetu mzee haingii mahali akasalimia mwenyewe. Tuliambiwa saa nne, tukaonwa saa saba. Ilikuwa Julai, na mnajua Mbeya Julai ilivyo, chumba cha kusubiria dirisha halifungi na upepo wa Loleza unaingia wote. Viti viwili kwa watu sita. Choo kipo ghorofa ya chini, funguo anayo mlinzi, mlinzi hayupo.

Halafu barua ya muhtasari. Niliiomba ili niitume kwenye kundi la ukoo wote waisome, hasa wa Tukuyu na Kyela. Ikaja kwa Kiingereza, kurasa nne. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na mtu huyu huyu alitueleza kwa Kiswahili kitamu kwa muda mrefu bila kukwama, lakini kalamu ikishika karatasi inarudi Kiingereza. Nililalamika. Akasema ya Kiswahili ni elfu thelathini zaidi. Nilikataa kulipa, tukabishana, mwishoni yule kijana wa ofisini akaandika ya Kiswahili kwa muda wake mwenyewe, na ni nzuri kuliko ya bosi wake. Ndiyo iliyomfanya kaka asiuze shamba.

Jingine dogo: wakili anapenda kusimulia. Ile habari ya majaji wa shirikisho kuteuliwa na Rais na kukaa maisha, huku wa Texas wakipigiwa kura kwa vyama kama wabunge, ilikuwa tamu, lakini wifi alitaka tu kujua mwanae anakula nini.

Mkienda, pelekeni picha kamili za karatasi, kuanzia juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Familia moja kutoka Makambako ilirudishwa mbele yetu kwa sababu picha zao zote zilikatwa kichwa, na hakuna aliyeweza kusema ni kesi ya nani. Asubuhi kabla ya saa tano msijisumbue, yuko Mahakama Kuu. Wanapokea M-Pesa. Risiti ya EFD idai mwenyewe, na usiondoke mlangoni mpaka yule dada aitoe.